Moja, Halafu Tatu

Dahabo aliponiuliza kama huku kwetu mvua imenyesha, nilivuta kiti nikaketi, kwa sababu nilijua kuna mtu amekufa. Alikuwa ameshaniuliza habari za watoto, za goti langu, za bei ya mahindi Voi. Alikuwa ameshanipa na za kwake: Mto Tana umejaa, binti yake wa pili amepata kazi ya ualimu Hagadera, joto la Garissa ni lile lile. Zamani ningemkata kauli, nimwambie aseme lililomfanya apige simu. Safari hii nilisubiri kwa adabu, simu sikioni, nikiitazama sufuria ya maharagwe jikoni na kumjibu amani kwa kila alichouliza, mpaka akafika mwenyewe. Mzee Bishar amefariki, akasema, yule wa kisima cha Kutulo. Alizikwa juzi, hapo hapo Garissa. Nikasema pole. Jikoni maharagwe yakaungua.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita mwaka ule wa kisima, miaka kumi na mitano iliyopita, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Niliajiriwa kwa mkataba wa miezi kumi na miwili kuandika programu ya mradi uliokuwa ukifuatilia visima virefu vya Garissa, Wajir na Mandera, vile vya jenereta na pampu ambavyo watu na mifugo huvitegemea mvua ikikosa. Mradi wenyewe umeshakufa na jina lake halimsaidii mtu, kwa hiyo naliacha. Ofisi yetu ya Garissa mjini ilikuwa vyumba viwili vya bati nyuma ya ghala la nafaka. Cha mbele kilikuwa cha Bwana Kithinji, mkuu wetu, mtu wa Kenya kama mimi, kama wenyeji walivyotuita sisi tuliotoka sehemu nyingine za nchi hii hii. Alikuwa mpole, na mashati yake alijipigia pasi mwenyewe. Cha nyuma tulikaa mimi na Dahabo, mzaliwa wa Bura, aliyepokea simu na kuzungumza na watu wa visimani kwa Kisomali. Kompyuta kubwa, ile seva, ilikaa chini ya meza yangu, imefunikwa mtandio mkuukuu wa Dahabo kuzuia vumbi, na feni pekee ya chumba iliielekea yenyewe. Sisi tulijipepea kwa mafaili. Ukutani kulikuwa na skrini yenye ramani, na kila kisima kilikuwa na taa yake: ya kijani kama kuna amani, ya manjano kama maji yanapungua, nyekundu kama pampu imekufa. Kila asubuhi niliitazama kabla sijautua mkoba.

Kazi yenyewe lazima niieleze, maana bila hiyo hakuna kisa. Hifadhidata ya kawaida ni daftari tu: unaandika, unasoma, yenyewe haifanyi lolote. Yetu ilikaa macho. Niliipa kanuni, na kila kanuni ilikuwa na vipande vitatu: likitokea jambo fulani, na kama hali ni fulani, basi fanya hivi. Ikiingia meseji kutoka kisimani, na kama inasema pampu imekufa, basi mwandikie dereva wa boza la maji na fundi aliye karibu, papo hapo, bila kumsubiri mtu. Juu ya hapo niliweka muda. Kila taarifa ilikuwa na umri wake wa kuishi, na kila kitendo kilikuwa na saa yake ya mwisho, kwa sababu boza linalofika siku mbili baadaye linakuta mizoga. Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba watu wa visimani, kwa kutouamini mtandao, walituma meseji ile ile mara kumi. Kila meseji iliamsha kanuni, kanuni ikaamsha nyingine, hiyo nyingine ikairudia ya kwanza, na seva ikabaki kuhema. Nikaandika kanuni ya kuituliza. Kisima kikishasema amani, kiaminiwe kwa saa kumi na mbili. Ikija meseji ya kupingana na hiyo, iwekwe pembeni isubiri mpaka saa hizo ziishe, ndipo ipimwe. Nilijiuliza ni nani atakayesema amani, na dakika mbili baadaye aseme pampu imekufa. Nikaona hakuna mtu wa namna hiyo, ila labda aliyekalia simu yake kwa bahati mbaya.

Mwezi wa tatu tulikwenda Kutulo, kule Mandera, kuwafundisha wasimamizi wa visima vya upande ule. Tulipewa darasa moja la shule ya msingi, na wazee wazima wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kifuani. Mchana tulikula wali kwa nyama ya mbuzi na ndizi mbivu, na Dahabo akanicheka kwa kuwa ndizi niliiweka kando nikidhani ni ya baadaye. Mzee Bishar alikaa dawati la mbele. Mwembamba, ndevu zimepakwa hina, macho hayatoki usoni pa mtu anayesema. Dahabo alininong'oneza kwamba wafugaji hupinda njia makusudi wampitie huyu, wamuulize habari, kwa kuwa Bishar akisema mahali fulani pana majani, yapo, na akisema hakuna, usijisumbue. Nikawafundisha ubaoni: moja ni amani, mbili ni maji yanapungua, tatu ni pampu imekufa. Unaandika namba tu, unatuma, basi. Bishar akainua kidole.

"Mwalimu," akasema, "mimi nikianza na tatu, si nimerukia mtu? Hata salamu hakuna?"

Darasa likacheka, nami nikacheka nikidhani anatania. Nikamwambia mashine haina haja ya salamu, haichukii, haina mama wala shangazi. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu sana, na mimi nikageuka ubaoni nikaendelea. Jioni alinionyesha kwa kidole mwinuko wa mawe ulio mwendo wa nusu saa kutoka kisimani kwake. Ni pale juu tu, alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali inayogeuza p kuwa b, simu inabata kitu, na hata hapo haishiki sauti, inabitisha meseji beke yake. Nikaandika hilo kwenye daftari langu, na swali lake la salamu sikuliandika.

Kwa Dahabo ndiko nilikokuwa nimepanga. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitano vinavyotazama ua mmoja, na changu kilitengana na sebule ya wanawake kwa pazia na ukuta wa mbao usiofika juu. Asubuhi nilipewa anjera, mkate wao mwembamba na laini, yenye mafuta ya simsim na sukari, na chai ya maziwa ya ngamia ambayo wiki ya kwanza ilinishinda na wiki ya tatu nikawa naiomba. Yote yaliyosemwa sebuleni niliyasikia, nipende nisipende. Jumamosi moja ya mwezi wa tano, nikifua viatu, akaingia adeer yake Dahabo, yaani baba yake mdogo, kutoka Bura. Kisomali changu wakati ule kilikuwa cha maneno ya mvua, ngamia, majani na barabara, na hayo ndiyo niliyoyasikia. Akaulizwa habari akasema amani. Akapewa chai, akainywa, akaongezwa. Akaeleza njia aliyopita na lori lililokwama, ngamia gani amezaa, majani ya upande gani yamekauka. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Pengine nusu saa ilipita hivyo. Kisha likaja jina la shangazi wa akina Dahabo, na baada yake nikasikia wanawake wote wa chumba kile wakilia kwa pamoja, na kikombe kikavunjika. Shangazi alikuwa amekufa jana yake, na mzee yule alikuja na kifo hicho kifuani, akanywa nacho chai.

Siku kadhaa baadaye nilimuuliza Dahabo kwa nini mzee yule hakusema alipofika tu mlangoni. Nilimuuliza kwa mzaha kidogo, Mungu anisamehe, nikasema huyo angenikuta mimi ningekufa kwa kungoja. Hakukasirika. Alisema mtu hawezi kuingia na kifo mdomoni. Kwanza unampa mwenzio amani, umkalishe, halafu unamtembeza njia yote uliyopita mpaka mfike pamoja mahali pabaya. Anayeanza na baya hana malezi, na wengine hata hawamwamini, wanaona kichwa chake hakijatulia. Nililisikia hilo kwa masikio yangu mawili, nikiwa nimekaa kitandani, mfuko wa tende mapajani. Jumatatu nikarudi kwenye kanuni zangu, na halikunijia hata kidogo kwamba mle ndani ya waya hupita watu wale wale. Nimeishi na hilo miaka kumi na mitano, na bado silielewi vizuri.

Mwezi wa sita mtandao wa upande wa Mandera ulikatika siku tatu. Uliporudi, meseji zote za siku zile ziliingia kwa mkupuo, kanuni zikaamka zote, na boza likatumwa kwenye kisima ambacho fundi alishakitengeneza. Kisima kingine kilichohitaji boza hilo kikangoja. Bwana Kithinji hakufoka. Alisema tu nitafute namna ya kuzuia habari zilizochacha. Nikaandika kanuni fupi: taarifa yoyote ikipitisha saa sita tangu kutumwa bila kushughulikiwa, ifutwe. Na isiache alama, maana diski yetu ilikuwa ndogo na mimi nilipenda mambo safi. Niliipima siku nzima, haikuwa na kosa. Ile ya saa kumi na mbili nilikuwa nimeipima mwezi wa pili, nayo haikuwa na kosa. Kuzipima zote mbili kwa pamoja sikukumbuka. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tatu angeifanya: taarifa iliyoambiwa isubiri saa kumi na mbili, na umri wake ni saa sita, haifiki. Niliisherehekea kwa soda baridi, na Bwana Kithinji akanipa mkono.

Basi mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kikali na mvua ya mwezi wa kumi ikiwa mbali, pampu ya Mzee Bishar ilikufa. Kisima chake ndicho pekee kilichokuwa bado na maji upande ule, na mifugo ilikuwa imekusanyika pale kutoka mbali. Akapanda mwinuko. Akatutumia moja, kwa sababu yeye ni mtu mwenye malezi, halafu akatuma tatu. Seva yangu ikaipokea ile moja, ikawasha taa ya kijani, ikaiweka ile tatu pembeni isubiri, na saa sita zilipotimia ikaifuta. Bishar akashuka akawaambia watu kwamba ameshatuma, maji yanakuja, wasihame. Na kwa kuwa aliyesema ni Bishar, hawakuhama. Siku ya pili akapanda tena. Ilikuwa siku mpya na mazungumzo mapya, kwa hiyo akaanza upya: moja, halafu tatu. Siku ya tatu vivyo hivyo, na ya nne. Mimi siku hizo nne nakumbuka nilichofanya. Siku ya pili tulikwenda kula pilau ya harusi ya jirani. Siku ya tatu nilisuka nywele. Kila asubuhi nilitazama ramani kabla ya kutua mkoba, na Kutulo ilikuwa kijani.

Siku ya tano dereva wa lori alimpigia Dahabo kutoka Kutulo mjini. Nilikuwa nimekaa naye meza kwa meza, nikamsikia akijibu amani, amani, akiuliza njia, akiuliza mvua, na nikakerwa kwa kuwa nilitaka laini ya simu. Kisha akaiweka simu chini taratibu. Boza lilitoka siku ile na likafika kesho yake. Ng'ombe karibu wote walikuwa wamekufa, mbuzi zaidi ya nusu, na ngamia wachache waliobaki walikuwa wameondolewa kuelekea Wajir, wengine wakafia njiani. Familia zilizokuwa na mifugo Jumatatu, Ijumaa zilikuwa na masufuria.

Watu walitaka kujua. Ukaitwa mkutano wa hadhara Kutulo, na Bwana Kithinji akaniomba nimchapie kumbukumbu za kisima kile. Nikabonyeza, karatasi ikatoka, bado ya moto. Siku nne, mistari minne, kila mstari ukisema amani. Nami niliichukia karatasi ile kwa ajili ya wale watu, nikamchukia na Bishar. Nilidhani alilala, au aliuza dizeli akaogopa, akatudanganya. Mkutanoni sikuwepo. Dahabo alikwenda kutafsiri, na ni yeye aliyelazimika kuyatia maneno yale katika Kisomali kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wenye mizoga: siku ya kwanza alisema amani, siku ya pili alisema amani. Bishar alisimama akasema kila siku alituma meseji mbili, si moja. Akatoa simu yake, kabambe, zile ndogo za vitufe, akaonyesha meseji. Lakini simu ile kila betri ikiisha ilirudi kwenye tarehe ya kiwandani, na meseji zake zilisoma mwaka ambao haujulikani ni upi. Ofisa mmoja akasema namba mtu anaweza kuziandika hata leo asubuhi. Wapo waliomwamini. Lakini wengi walikuwa wamekaa siku nne kwa neno lake, na karatasi ilikuwa na muhuri.

Wiki moja baadaye alikuja Garissa juu ya lori la mbuzi, simu imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki mara tatu. Alitusalimu, mkono kifuani. Nilimwonyesha kiti akakaa ukingoni. Akaniuliza habari zangu, za kazi, za nyumbani kwetu, akangoja nijibu. Nilijibu kwa mkato. Kisha akaifungua ile simu akaiweka mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Mwalimu, wewe ulibata moja," akasema. "Na hii tatu yangu, ilienda wabi?"

Nikaitazama. Moja, tatu. Moja, tatu. Moja, tatu. Moja, tatu. Tarehe zilikuwa za ovyo lakini mfuatano ulikuwa pale. Sikuelewa palepale. Nilimuuliza, kwa sauti ya mwalimu bado, kwa nini alituma moja wakati pampu imekufa. Akamtazama Dahabo kana kwamba amsaidie, kisha akanirudia mimi. Akasema kwanza ni amani, halafu habari, kwani aanze fibi? Dahabo alikuwa ameshaziba mdomo kwa mtandio. Mimi nikasikia feni, na nikayaona yote mawili kwa pamoja, saa kumi na mbili na saa sita, kama ambavyo ningepaswa kuyaona mwezi wa sita. Duniani kote mtu pekee aliyeweza kusema mzee yule hakudanganya alikuwa mimi. Nikamwambia arudi kesho, tutaangalia.

Nilikwenda kwa Bwana Kithinji nikamweleza, nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu mtu mbaya ningemlaumu nikapumzika. Alisema tukiandika kwamba mashine ilizifuta meseji za Bishar, wafadhili watafunga mradi kabla ya mwezi kwisha, na visima vingine vyote vitabaki bila mtu wa kuviangalia katikati ya kiangazi. Alisema pia, kwa upole, kwamba jina litakaloandikwa hapo ni langu, na mimi ni kijana. Akapendekeza tuandike kwamba meseji za hatari kutoka kituo kile hazikufika, jambo ambalo alisema ni kweli. Ripoti ilikuwa na kurasa sita. Niliisoma, nikaitia sahihi kwa kalamu yake.

Bishar alirudi kesho yake, akakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Nikamwambia bado tunaangalia. Alilala msikitini karibu na soko la mifugo, akarudi tena, na Dahabo akampelekea chai na hakuweza kumtazama. Siku ya tatu nilimwona kupitia kijidirisha, ameketi wima, mfuko wa plastiki mapajani, viatu vimepangwa kando. Kulikuwa na mlango wa nyuma unaotokea ghalani. Nilichukua mkoba nikatoka kwa mlango huo, nikapita kati ya magunia, nikaenda nikakaa kwa mama mmoja muuza matikiti mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa. Niliporudi benchi lilikuwa tupu. Siku ile ile nilibadilisha kanuni, dakika ishirini tu, meseji ya hatari isisubiri chochote. Ilifanya kazi vizuri mpaka mkataba wangu ulipokwisha. Mwezi wa kumi na mbili nikafunga virago nikarudi kwetu.

Nimefanya kazi nyingine nyingi tangu hapo, na kwa watu wengi mimi ni mama mwenye heshima zake. Nimewafundisha vijana kuandika kanuni, na kila mwaka nawaambia wazipime mbili mbili, tatu tatu, wasizipime moja moja. Hawajui nimeyatoa wapi. Mara kadhaa nilianza kumwandikia Bishar barua kupitia kwa Dahabo. Mwanzoni niliogopa kazi yangu, halafu nikaogopa watoto wangu wasijue, na mwishoni nilikuwa naona haya tu, haya tupu, ile inayokua kadiri unavyoikalia. Dahabo hakunisukuma. Naye alikuwa na sehemu yake katika jambo lile, ya kutafsiri, na nadhani kila mmoja wetu alikuwa akimsubiri mwenzake.

Baada ya simu yake nilisafiri. Bishar alikuwa ameishi miaka yake ya mwisho kwa binti yake Sadia, nyumba ya bati na mbao nyuma ya soko la mifugo, mtaa mmoja tu kutoka ofisi yetu ya zamani, ambayo sasa ni duka la saruji. Waliohudhuria matanga walikuwa wameshaondoka. Sadia ni mwanamke wa makamo, mwembamba kama baba yake. Alitukaribisha mimi na Dahabo mkekani, akatuletea chai na mahamri, na akaniuliza habari. Safari hii nilijua cha kufanya. Nikampa amani. Nikamweleza njia tangu Voi, basi lililoharibika Bangale, majani yalivyoota kando ya barabara, mto ulivyojaa. Hakunihimiza. Kisha nikafika, na nikamwambia yote: saa kumi na mbili, saa sita, karatasi, sahihi, benchi, mlango wa nyuma. Dahabo alitafsiri pale Kiswahili changu kilipozidi.

Sadia alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akikusanya makombo ya hamri kwa kidole. Nilimwambia nitaandika, nitatia sahihi, nitakwenda Kutulo nikaseme mbele ya watu.

"Utaambia nani sasa?" akasema. "Wale ya kisima wametawanyika. Wengine wako Hagadera, wengine wamekufa. Watoto yao hata hawajui Bishar ni nani."

Kisha akanieleza, bila ukali, jinsi ilivyokuwa. Baada ya mkutano ule alifukuzwa kazi ya kisima, na fedheha hiyo baba yake aliizoea. Alichunga mbuzi wa watu Bura, akahamia hapa macho yalipofifia. Kilichomuua kidogo kidogo ni kwamba watu waliacha kumuuliza habari. Akifika mahali husalimiwa, hupewa chai, halafu watu hugeukia upande mwingine, wakamuuliza aliyekuja nyuma yake, hata awe kijana asiyejua kutofautisha majani na mwiba. Anakaa pale, ameshajipanga tangu njiani aanze wapi, na hakuna anayeuliza. Miaka kumi na mitano. Mwisho akawa hatoki nyumbani.

"Wewe ungekuja kama yuko hai," Sadia akasema, "hiyo yote ya mashine ungeacha. Ungemuuliza habari tu. Ingetosha."

Chai ilipoa. Nje mbuzi walikuwa wakipitishwa kuelekea sokoni, na vumbi lao likaingia mpaka mkekani. Dahabo alikuwa analia bila sauti. Mimi sikulia, kwa kuwa niliona sina haki hiyo mbele ya yule mwanamke. Nilikaa hivyo mpaka vumbi likatulia, kisha nikafanya jambo pekee lililobaki, ambalo lilikuwa limeshapitwa na wakati wake na halingemfikia aliyelihitaji. Nikamuuliza Sadia habari za baba yake. Akanitazama, akajiweka sawa mkekani. Akasema ni amani, kisha akaanza na mvua.